Matokeo ya homoni za panya yaandikwe pamoja na saa yake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme jambo moja kuhusu habari za utafiti zinazoanza na maneno "majaribio ya panya yameonyesha". Sisi ni watunza wanyama wa maabara, mafundi sanifu na walimu wa fiziolojia tulioko Mbeya na Iringa. Wanafunzi wa vyuo vya Nyanda za Juu Kusini hujaribu dawa za miti shamba kwa panya weupe, na baadhi yao hupima homoni: dawa hii imeshusha homoni ya msongo, ile imepandisha homoni ya uzazi. Habari ikifika gazetini huwa na jina la mmea, idadi ya panya na asilimia ya mabadiliko. Saa ambayo damu ilitolewa haimo, na mara nyingi haimo hata kwenye ripoti yenyewe. Bila saa hiyo, asilimia iliyochapishwa haiwezi kuaminiwa wala kukanushwa. Msomaji anayekwenda soko la Mwanjelwa kununua magome kwa sababu ya habari ile ameuziwa tumaini ambalo hakuna aliyelipima.

Tezi ya pituitari ya panya, iliyo chini ya ubongo, ina uzito wa kama miligramu 10 tu, lakini haimwagi homoni zake kwa kiwango kimoja kutwa kucha. Inapokea amri kutoka haipothalamasi, sehemu ya ubongo iliyo juu yake, na haipothalamasi nayo inasikiliza viini viwili vidogo vilivyo juu ya mahali neva za macho zinapopishana. Hapo ndipo penye saa ya mwili. Mwaka 1972 Robert Moore na Victor Eichler, wakiwa Marekani, waliharibu viini hivyo kwa panya na mapigo ya kila siku ya kotikosteroni, homoni ya msongo ya panya, yakapotea. Mwaka huohuo Friedrich Stephan na Irving Zucker waliona panya waliofanyiwa hivyo wakinywa maji na kukimbia ovyo, bila kufuata usiku wala mchana. Mwaka 1990 Martin Ralph na wenzake walihamisha viini hivyo kutoka hamsta mmoja hadi mwingine, na hamsta aliyepandikizwa akafuata mwendo wa saa wa yule aliyetoa. Saa hii huwekwa sawa kila siku na mwanga unaoingia machoni. Ndani ya chumba cha maabara, mwanga huo ni taa. Anayewasha na kuzima taa ndiye anayeweka saa za homoni, ajue asijue.

Chukua kotikosteroni, ambayo tezi za juu ya figo huitoa zikiamriwa na homoni ya pituitari iitwayo ACTH. Panya ni mnyama wa usiku. Taa zikiwaka saa 12 asubuhi na kuzimwa saa 12 jioni, kotikosteroni ya panya dume aliyetulia huwa chini kabisa asubuhi, mara nyingi chini ya nanogramu 50 kwa mililita moja ya damu. Baada ya saa sita mchana huanza kupanda, na kileleni hufika taa zinapokaribia kuzimwa, ambapo nanogramu 150 au zaidi si ajabu. Kwa binadamu mambo ni kinyume: kotisoli, homoni yetu ya msongo, iko juu tunapoamka na iko chini karibu na usiku wa manane. Ndiyo maana hospitali humtaka mgonjwa afike mapema kwa kipimo hicho. Kwa hiyo anayesoma "asubuhi" kwenye ripoti ya panya akadhani ni kama asubuhi ya mtu amekosea nusu mzunguko.

Sasa tazama namna kosa linavyoingia kwenye jaribio lililofanywa kwa nia njema kabisa. Kuna panya 24, yaani 12 wa kulinganishia na 12 waliopewa dawa. Kila mmoja anachukua dakika 10, tangu kutolewa kizimbani hadi damu yake kuwekwa kwenye barafu. Hizo ni saa nne. Mwanafunzi anaanza saa 4 asubuhi na vizimba vya kulinganishia kwa sababu ndivyo vilivyo karibu na mlango, anavimaliza saa 6, kisha anaingia kwenye vizimba vya dawa hadi saa 8 mchana. Kundi la dawa linaonyesha kotikosteroni ya juu zaidi, na tofauti inapita mtihani wa takwimu. Ripoti inaandikwa kwamba mmea unaamsha tezi. Mmea haujafanya lolote. Mchana ndio uliosogea. Ni sawa na kupima kina cha Ruaha Mkuu mwezi Machi, ukapima tena Oktoba, kisha ukasema daraja lililojengwa kati ya miezi hiyo ndilo lililokausha mto. Ubaya wake mwingine ni kwamba kosa hilohilo linaweza kuficha dawa nzuri. Mmea unaoshusha kotikosteroni kweli, ukipimwa mwishoni mwa zamu, utaonekana hauna kazi.

Dawa ya kosa hili haina gharama. Panya wapokezane: mmoja wa kulinganishia, mmoja wa dawa, hivyohivyo hadi mwisho, kwa mpangilio uliopatikana kwa bahati nasibu kabla ya siku ya kazi. Kipindi cha kutoa damu kisizidi saa mbili. Kama mikono ni michache, kazi igawanywe siku mbili, saa zilezile, na kila siku iwe na idadi sawa ya makundi yote mawili. Saa na dakika ya kila panya iandikwe mbele ya namba yake. Kuandika "asubuhi" juu ya ukurasa mzima hakutoshi.

Dakika zenyewe zinahitaji maelezo, kwa maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Panya akishtuka, ACTH hupanda ndani ya dakika moja au mbili. Kotikosteroni hufuata baada ya kama dakika tatu, na hufika kileleni kati ya robo saa na nusu saa. Basi damu inayotafuta kiwango cha utulivu itoke kabla ya dakika tatu kwisha, na dakika hizo zihesabiwe tangu mkono unapogusa kizimba. Wengi huanza kuhesabu sindano inapoingia, na hapo muda wenyewe umekwisha kupita. Kizimba chenye panya watano kikifunguliwa na wakatolewa mmoja mmoja, wa kwanza ametulia na wa tano yuko katikati ya msongo, ingawa wamekula chakula kimoja na kupewa dawa moja. Weka panya wawili kwa kizimba, na watu wawili wawatoe damu kwa pamoja. Vizimba vihamishiwe chumba cha jirani tangu jana yake, si asubuhi ya kazi. Kazi isifanyike ndani ya chumba wanamokaa wengine wanaosubiri zamu. Kwa wiki moja au mbili kabla ya siku hiyo panya washikwe kila siku na mtu yuleyule atakayewatoa damu, wakae mkononi dakika chache, mkia uguswe, warudishwe. Maranda wanayolalia yasibadilishwe siku ya kutoa damu wala siku moja kabla. Etha isitumike kuwalaza, kwani yenyewe ni kichocheo kikali cha ACTH, na maabara inayoitumia inapima etha.

Damu ya ACTH iingie kwenye kichupa cha plastiki chenye EDTA ya kuzuia damu kuganda, kikae kwenye barafu, na kizungushwe kwenye sentrifuji, mashine ya kutenganisha damu, yenye ubaridi wa nyuzi 4 ndani ya muda mfupi. Glasi haifai kwa kazi hii, kwa sababu ACTH hunata kwenye kuta zake. Na damu ikiachwa mezani bila barafu, vimeng'enya vyake huikatakata homoni hiyo. Plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli, igawanywe vichupa viwili kabla ya kugandishwa, ili kipimo cha pili kisilazimishe kuyeyusha cha kwanza. Kotikosteroni ni imara zaidi na huvumilia. Ndiyo sababu maabara isiyo na friza la nyuzi 80 chini ya sifuri ingefanya vyema kuipima hiyo na kuiacha ACTH.

Kiasi cha damu nacho kina mpaka. Panya wa gramu 250 ana damu kama mililita 16 mwili mzima, na kwa mkupuo mmoja haifai kuzidi asilimia 10, yaani mililita 1.6. Panya wa ile aina ndogo, mwenye gramu 25, hana hata mililita mbili, hivyo usimtoe zaidi ya 0.15 au 0.2. Kwa hiyo hakuna namna ya kumfuata panya mmoja wa aina hiyo ndogo kwa siku nzima kwa sindano. Upungufu wa damu wenyewe utabadilisha homoni kabla ya jua kuzama. Anayetaka kuona mzunguko wa saa 24 apime kila baada ya saa nne, mara sita, na kila mara atumie wanyama wengine. Wakiwa sita kwa kila saa, ni wanyama 36 kwa kundi moja. Idadi hiyo iombwe mapema kwenye kibali, kwa sababu kuiongeza katikati ya kazi ni kuvuruga mpangilio. Wapo wanaopima mabaki ya kotikosteroni kwenye kinyesi, na njia hiyo ni njema kwa kuwa haimgusi mnyama. Ila kinyesi hueleza hali ya saa kadhaa zilizopita, na ucheleweshaji huo lazima utolewe kwenye hesabu.

Kuhusu homoni za uzazi, saa peke yake haitoshi. Panya jike ana mzunguko wa siku nne au tano, na LH, homoni inayoachilia mayai, hukaa chini karibu siku zote hizo. Alasiri ya siku moja tu, ile ya mkesha wa joto, yaani siku inayotangulia jike kutaka dume, hulipuka. Huanza kupanda kama saa 9 alasiri, hufika kileleni karibu saa 11 jioni, na usiku huo mayai hutoka. Mwaka 1950 John Everett na Charles Sawyer walionyesha kwamba panya huyo akipewa dawa ya usingizi ya jamii ya babitureti saa 8 mchana wa siku hiyo, mayai hayatoki usiku ule. Hutoka baada ya saa 24 kamili, maana mwili unasubiri alasiri ya kesho. Kwa mtu wa maabara funzo lake ni zito: dawa ya usingizi uliyotumia kurahisisha kazi yaweza kufuta mlipuko uliokuwa unautafuta. Na anayepima LH ya majike saa 3 asubuhi kisha akaandika kwamba mmea "haukubadilisha LH" amepima wakati ambao hakuna cha kubadilisha.

Siku ya mzunguko hujulikana kwa kuosha uke. Kila asubuhi saa ileile, mikrolita 50 hadi 100 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 huingizwa kwa pipeti laini, huvutwa, na tone huwekwa kwenye kioo chini ya hadubini. Seli za mviringo zenye kiini zikijaa, ni mkesha wa joto. Seli pana, kavu, zisizo na kiini ni joto lenyewe. Chembe nyeupe nyingi ni siku za mapumziko. Jike afuatiliwe mizunguko miwili mfululizo kabla ya kuingizwa kwenye jaribio, na asiye na mpangilio aachwe. Ncha ya pipeti iingie milimita chache tu. Ikigusa mlango wa kizazi mara kwa mara, mwili wa panya hudhani amepandwa, na ataingia mimba bandia ya karibu wiki mbili. Katika hali hiyo prolaktini yake, homoni ya maziwa, hupanda mara mbili kila siku, jioni na usiku kuelekea alfajiri, na mzunguko wa LH husimama. Tumeona takwimu za prolaktini ambazo hazielezeki kwa namna nyingine isipokuwa hiyo.

Homoni ya ukuaji tuipitie haraka, kwa kuwa ushauri wetu ni kutoipima kwa tone moja la damu. Gloria Tannenbaum na Joseph Martin walionyesha mwaka 1976 kwamba kwa panya dume homoni hiyo hutoka kwa milipuko kila baada ya kama saa tatu na dakika ishirini, na katikati yake karibu haionekani kabisa. Tone moja litakupa sifuri au mlima, kwa bahati tu. Asiye na uwezo wa kuweka mrija kwenye mshipa wa shingo na kuchukua matone kila robo saa apime IGF-1, homoni inayotengenezwa kwa amri ya homoni ya ukuaji, ambayo haipandi na kushuka namna hiyo.

Tuje kwenye vyumba vyetu vya huku juu, maana vitabu vya kazi hii viliandikwa kwa nchi nyingine. Wapo wanaodhani kwamba kwa kuwa tuko karibu na ikweta, dirisha linatosha na taa ni anasa. Ni kweli kwamba urefu wa mchana Mbeya hutofautiana kwa kama saa moja tu kati ya Juni na Desemba. Lakini Mbeya iko magharibi mwa nchi na saa ya Tanzania imewekwa kwa jua la mashariki zaidi. Juni jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi. Novemba huchomoza mapema kuliko hapo kwa zaidi ya nusu saa. Mwanafunzi anayetoa damu "saa 2 kamili" miezi yote hiyo miwili hajatoa damu wakati mmoja wa panya. Dirisha lizibwe kwa ubao uliopakwa rangi nyeusi, na taa ifanye kazi yake.

Kisha mtu aingie humo taa zikiwa zimezimwa, akae dakika kumi macho yazoee, atazame pande zote. Ataona mstari wa mwanga chini ya mlango, tundu la bomba ukutani, kijitaa cha kijani cha stabilaiza. Mwanga hafifu mno, wa luksi 0.2 tu, usiku umeonekana kushusha melatonini ya panya, homoni inayotolewa gizani. Vijitaa vifunikwe kwa utepe mweusi, chini ya mlango pawekwe mpira. Tochi ya simu isiwashwe humo usiku kwa sababu yoyote. Kwa kazi ya usiku itumike taa nyekundu hafifu, kwa muda mfupi, kwani si kweli kwamba panya haoni wekundu kabisa.

Umeme ndio unaoharibu zaidi. Taima za bei nafuu, zile zenye meno ya kubonyeza kuzunguka duara, husimama umeme ukikatika na huendelea ulipoishia. Umeme ukikatika saa 4 asubuhi ukarudi saa 7 mchana, taima iko nyuma saa tatu. Taa zitazimwa saa 3 usiku, kesho zitawaka saa 3 asubuhi, na itaendelea hivyo hadi mtu agundue. Panya watafuata taa pole pole kwa siku kadhaa. Damu itakayotolewa saa 3 ya ukutani ni damu ya alfajiri kwa panya, na kesho yake hakuna atakayejua kwa nini nambari zimeyumba. Inunuliwe taima ya kidijitali yenye betri yake ndani, na kila asubuhi mlinzi wa zamu aandike saa ambayo taa zimewaka. Jenereta ikijaribiwa usiku, swichi ya chumba cha wanyama itenganishwe na nyingine: mwanga wa mwanzo wa usiku huirudisha saa ya mwili nyuma, wa mwisho wa usiku huisukuma mbele. Taa zikivurugika kwa saa kadhaa, jaribio lisubiri wiki moja. Zikigeuzwa usiku kuwa mchana, lisubiri wiki mbili hadi tatu. Wanyama waliosafirishwa kwa barabara kutoka Morogoro au Dar es Salaam nao wapewe wiki mbili kabla ya kuguswa.

Baridi ya Juni na Julai ni mtihani mwingine. Panya wa maabara hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 20 hadi 26, na usiku wa Mbeya miezi hiyo hushuka chini ya 10. Panya akipigwa na baridi ghafla, TSH ya pituitari hupanda ili kuamsha tezi ya thairoidi. Chumba kinachopoa kila usiku na kupata joto kila mchana kitatengeneza mapigo ya TSH yatokanayo na ukuta wa tofali, na mtafiti atayaandika kama ya mwili. Hita zenye waya mwekundu zisitumike, kwa kuwa zinamulika usiku kucha. Hita ya umeme iliyojazwa mafuta ndani, yenye kidhibiti joto, haitoi mwanga. Jiko la mkaa lisiingie humo kabisa. Gesi yake huua wanyama na anayewatunza. Panya waongezewe karatasi za kutengenezea kiota, na kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini cha usiku kiwe usawa wa vizimba, si usawa wa macho ya mtu.

Maranda nayo. Hapa kwetu maranda ya paina kutoka viwanda vya mbao vya Mufindi ni rahisi na yanapatikana wakati wote, lakini harufu ile nzuri ya paina mbichi ni kemikali zinazoamsha vimeng'enya vya ini, navyo huongeza kasi ya kuvunja dawa na homoni za jamii ya steroidi. Yakaushwe kwa joto la tanuri kabla ya kutumika, au yatafutwe maranda ya mbao ngumu, na makundi yote yalale kwenye gunia moja la maranda.

Chakula kiwepo saa zote. Dorothy Krieger alionyesha mwaka 1974 kwamba panya wanaolishwa kwa muda mfupi tu mchana hujenga kilele cha kotikosteroni kabla ya saa ya chakula, na baadaye ikaonekana kilele hicho kinatokea hata viini vya saa vikiwa vimeharibiwa. Mtunza wanyama anayeweka chakula kidogo saa 3 asubuhi kinachokwisha kabla ya usiku amewahamishia panya saa yao bila kugusa taa. Na ile desturi ya kuwafungisha panya usiku mzima kabla ya kupima, iliyonakiliwa kutoka kwa wagonjwa wa hospitali, haifai kwa homoni hizi. Panya hula usiku. Kumnyima usiku ni kumnyima karibu chakula chote cha siku, na njaa hiyo hupandisha kotikosteroni na kushusha LH na TSH.

Pia homoni inayopimwa iwe ile ambayo mnyama anayo. Panya hatengenezi kotisoli kwa kiasi cha maana, kwa kuwa tezi zake hazina kimeng'enya cha kuitengeneza. Homoni yake ni kotikosteroni. Ripoti inayosema "kotisoli ya panya" kwa kipimo cha hospitali imepima kivuli. Simbilisi, wanaofugwa majumbani Iringa na Njombe na ambao wanafunzi huwanunua kwa kuwa ni rahisi, wao wana kotisoli. Lakini mzunguko wao wa uzazi ni wa kama siku 16, na mpangilio wao wa usiku na mchana si mkali kama wa panya, hivyo ratiba ya panya isihamishiwe kwao. LH, prolaktini na homoni ya ukuaji za panya hazisomwi na vipimo vilivyotengenezwa kwa binadamu. Mashine itatoa namba, na namba hiyo haina mwenyewe.

Tumebakiza uandishi wa saa. Taa zikiwaka saa 12 asubuhi, saa zetu za Kiswahili zinaenda sambamba na saa za panya: saa 6 mchana ni saa sita tangu taa ziwake, saa 12 jioni ni mwisho wa mwanga. Ni bahati nzuri, itumike. Tatizo ni daftari linaloandikwa "saa 2" bila asubuhi wala usiku, kisha mtu mwingine analiingiza kwenye kompyuta inayohesabu kutoka usiku wa manane. Hapo saa 2 asubuhi inakuwa saa 8 usiku, tofauti ya saa sita, robo ya mzunguko mzima, na sentrifuji, kipimajoto na friza zinaandika kwa hesabu hiyo ya pili. Daftari liwe na safu mbili: saa ya ukutani kwa mtindo wa saa 24, na saa tangu taa ziwake.

Kwako Mhariri, ombi letu ni dogo. Mwandishi akiletewa habari ya homoni za panya, aulize damu ilitolewa saa ngapi, taa ziliwaka saa ngapi, walikuwa dume au jike na siku gani ya mzunguko, na dakika ngapi zilipita tangu kizimba kuguswa. Majibu yake yanaingia kwenye sentensi mbili. Mtafiti asiyeweza kujibu aambiwe asubiri. Wasimamizi wa wanafunzi nao waulize hayo kabla ya kutia saini, kwa sababu Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda mnyama wa maabara pia, na mnyama aliyetolewa damu kwa namba isiyosomeka ameumizwa bure.

Ripoti zilizokwisha kuandikwa zisitupwe. Mara nyingi daftari la awali lina saa iliyoandikwa pembeni ya namba ya panya, au vichupa vina mfuatano wa kutolewa. Chukua kundi la kulinganishia peke yake, lile lisilopewa dawa, na uchore homoni yake dhidi ya saa. Mstari ukipanda tangu panya wa kwanza hadi wa mwisho, kiasi hicho cha kupanda ni cha saa au cha msongo wa kusubiri, na kiondolewe kwanza kabla mmea haujapewa sifa yoyote.

Watunza wanyama, mafundi sanifu na walimu wa fiziolojia,
Mbeya na Iringa